Milango ya Mvita: Historia ya Ngoma na Sherehe za Wageni katika Mji wa Kale wa Mombasa

Mwaka 1865 Wacheki waliohamia Marekani walianzisha katika mji wa St. Louis tawi la Sokol, chama cha mazoezi ya viungo kilichokuwa kimeasisiwa Prague miaka 3 tu kabla yake. Haikuchukua muda vyama hivyo vikaenea Chicago na miji mingine, na Waslovakia nao wakaunda vyao. Vilikuwa na sare, bendera, bendi ya matarumbeta na ukumbi wa kukutania. Mzee alipata mahali pa kuzungumza lugha ya mama bila kuchekwa, na mtoto aliyezaliwa ugenini alijifunza nyimbo ambazo mtaani kwake hakuna aliyezijua.

Mombasa haijawahi kuwa na jamii kubwa ya Wacheki wala Waslovakia. Lakini ukihesabu watu waliowahi kushuka katika kisiwa hiki na kuweka makazi, kisha wakatafuta namna ya kusherehekea mambo ya kwao mbali na kwao, utachoka mapema: Wareno, Waomani, Wabaluchi, Wahadhrami, Wangazija, Wabohora, Waismailia, Wakachi, Wagujarati, Wapunjabi, Wagoa. Kila kundi lilifika na sikukuu yake, na mavazi na midundo yake. Baadhi ya sherehe hizo zilizama ndani ya mji hata leo Mswahili wa mtaa wa Kibokoni huzihesabu kuwa zake tangu jadi. Nyingine zilibaki nyuma ya kuta, na siku wenyewe walipofunga virago ziliondoka nao. Naamini tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Sherehe iliyowaruhusu majirani waingie, washindane, wabishane na hata waiharibu kidogo ndiyo iliyobaki Mvita, kama mji wa Mombasa uitwavyo tangu kale.

Ngome, wanajeshi na kuoleana (1593–1888)

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waliishi pia nje ya ngome. Ndia Kuu ya leo ndiyo waliyoiita La Raposeira, na watawa wa shirika la Mtakatifu Agostino walikuwa na nyumba yao kisiwani. Walikuwa na sikukuu zao za kanisa, lakini zilikuwa sikukuu za watawala katikati ya mji usiowapenda. Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliwageuka akaitwaa ngome. Wareno walirudi baadaye, na Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3, Waomani wakaichukua. Kutoka kwa Wareno mji haukubakiwa na sikukuu hata moja. Ulibakiwa na mahindi, mihogo, meza, na vitambaa vya leso, ambavyo wanawake wa pwani watakuja kuviunganisha vipande sita sita na kuvigeuza vazi lao.

Waomani walikuja na askari wa Kibaluchi kutoka ng'ambo ya Ghuba. Baada ya Sultani Sayyid Said kuwashinda Mazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa, mwaka 1837, kikosi cha Kibaluchi kiliwekwa ndani ya ngome, na familia zao zikaenea upande wa Makadara, ambako msikiti wao ungali unaitwa Msikiti wa Baluchi. Hawa hawakuwa na klabu, wala ukumbi wenye orodha ya wanachama. Walioa mjini. Watoto wao walilelewa na mama na nyanya waliosema Kimvita, na harusi zao zikafuata ada za mji: vugo la wanawake, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, na zefe ya wanaume wakimsindikiza bwana harusi. Leo Wabaluchi wengi wa Mombasa hawajui Kibaluchi, ila wanajua vizuri kwamba wao ni Wabaluchi. Yuko atakayesema hiyo ni hasara. Mimi naona kwamba walilipa kwa lugha wakapata mji.

Wahadhrami walipita njia hiyo hiyo, lakini wao walileta pia kitu kilichougeuza mji wenyewe, nacho ni mapokeo ya masharifu, nyiradi na Maulidi. Upande wa Lamu, Habib Swaleh, aliyezaliwa Ngazija katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut, aliifanya Maulidi kuwa sherehe ya kila mtu. Aliwakaribisha watu wa tabaka la chini waliokuwa wakidharauliwa na mabwana wa mji, na akaruhusu matwari yapigwe msikitini. Wakubwa walilalamika. Lakini matwari yalishinda, na mtindo huo ukafika Mombasa na miji mingine yote ya pwani. Ni mfano mzuri wa ninachokisema: sherehe ya wageni iliyofunguliwa kwa walio chini ndiyo iliyopata mizizi.

Reli na kuta mpya (1888–1914)

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipofika mwaka 1888, na utawala wa Uingereza mwaka 1895, kisiwa kilibadilika kwa kasi. Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walifariki na wengi wa waliobaki walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walikaa. Nyuma yao walifuata wenye maduka, makarani, washonaji, maseremala na wapishi.

Mji uliozoea kupokea wageni kwa njia ya ndoa sasa ulipokea wageni waliokuja na wake zao, na dini na tabaka zao, na chini ya serikali iliyopenda kila rangi iwe katika kisanduku chake. Wabohora walijenga msikiti karibu na bandari ya zamani, na kwa siku zao kubwa vijana wao waliovaa sare walitembea na bendi. Wahindu walisherehekea Diwali, sikukuu ya taa, ambayo kwa mfanyabiashara ilikuwa pia siku ya kufungua daftari jipya la hesabu, na kwa usiku tisa za Navaratri wanawake walicheza garba wakizunguka taa. Waismailia walikuwa na siku za Imamu wao, Aga Khan wa Tatu, aliyezuru Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1899.

Wagoa walikuwa na hali ya peke yao. Walikuwa raia wa Ureno kwa karatasi na Wakatoliki kwa dini, na riziki yao wengi waliipata katika ofisi za Mwingereza. Muziki wa Kizungu walikuwa wameusoma makanisani kwao tangu utoto. Bendi ya Sultani wa Zanzibar wakati wa Barghash ilijaa wanamuziki wa Kigoa. Mombasa, kama Nairobi na Kampala, walianzisha klabu ambamo sikukuu ya Mtakatifu Francis Xavier, tarehe 3 Desemba, ilifuatwa na dansi la violini na piano. Klabu hizo zilifanana sana na kumbi za Sokol kule Chicago: maktaba ndogo, michezo, tamthilia kwa lugha ya nyumbani, na binti na kijana kuonana chini ya macho ya wazazi. Lakini ndani yake kulikuwa na kuta nyingine. Karani hakukaa klabu moja na mshonaji. Na Mswahili wa Mji wa Kale alizisikia violini hizo akiwa barabarani.

Kitu kimoja tu kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi kilivuka kuta zote, nacho ni leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na ambalo hadi leo leso zake hubeba chapa ya "Mali ya Abdulla", liliuza kitambaa kilichochorwa kwa kuwasikiliza wanunuzi. Wanawake wa mji ndio walioamua rangi ipi ipite na jina lipi liandikwe. Ikiwa pindo halikuwapendeza, bidhaa ililala dukani. Ilikuwa sanaa ya ubia kati ya Mkachi na Mswahili kabla mtu yeyote hajatumia neno hilo, na wala hakuna sherehe ya pwani inayoweza kufanywa bila yake.

Kingi na Scotchi (miaka ya 1890–1945)

Hapa inafaa tukae kidogo, maana sijui jambo lililoonyesha akili ya mji huu kuliko ngoma iitwayo beni.

Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani walikuwa wakiona bendi za kijeshi kila upande: kwenye manowari zilizotia nanga, kwa askari wa serikali mpya, na misheni ya Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, ambako watumwa walioachiwa huru waliwekwa tangu 1875. Hizo zilikuwa sherehe za Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Hakuna aliyewaalika watu wa Mvita washiriki. Wao wakazichukua. Wakatafuta ngoma kubwa na matarumbeta, wakashona sare, wakapeana vyeo vya ujenerali na ukanali, wakapanga gwaride mitaani na kuimba kwa Kiswahili nyimbo za kujisifu na kuwatukana wapinzani. Miaka ya 1890 ngoma hiyo ilikuwa imeshika Mombasa na Lamu. Kila mji wa pwani umezoea kugawanyika mafungu mawili yanayoshindana, na Mombasa iliyokuwa na Thenashara Taifa zake, yaani mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika Miji Tisa na Miji Mitatu, haikupata shida kuigawa beni. Upande mmoja ulijiita Kingi, kwa heshima ya Mfalme wa Uingereza, na mwingine Scotchi, kwa kuiga Waskochi.

Wazungu waliotazama walidhani wanaona watu wakiwaiga. Walichokosa kuona ni kwamba umbo lilikuwa la Kizungu na mchezo ulikuwa wa pwani. Ushindani wa mafungu, kulishana hadi mwenzio ashindwe kurudisha, na mashairi ya mafumbo ya kumchoma hasimu ni mambo ambayo yalikuwepo tangu zamani za mshairi Muyaka. Sare ya jenerali ilikuwa ganda tu.

Kisha wanawake wakauingiza ushindani huo katika ngoma yao, lelemama. Lelemama yenyewe ilikuwa ngoma ya zamani zaidi. Wachezaji walijipanga mstari mmoja, wamevaa sare, na mwili haukurushwa; mikono na vidole ndivyo vilivyocheza, kwa utulivu, huku zumari, upatu na ngoma vikisukuma wimbo mbele. Aliyezoea ngoma za kuruka angeweza kudhani hakuna kinachotendeka. Mjuzi aliangalia kama mikono yote ya mstari imegeuka kwa pamoja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyama vya lelemama vilibeba majina yale yale ya Kingi na Scotchi, na baadaye vikazuka Ibinaal Watan na Banu Saada. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na cheo kilipatikana kwa gharama: mwanamke aliyetaka kupanda alilisha chama chake. Siku ya mashindano mji mzima ulitoka. Leso za chama zilikuwa za aina moja, na nyimbo zilitaja siri za nyumba za watu kwa lugha ambayo mlengwa aliielewa vizuri mno.

Ndani ya mistari hiyo walisimama wanawake ambao mchana hawakukaa pamoja. Wa koo za kiungwana na wenye asili ya utumwa, wa Miji Tisa na wa Miji Mitatu, pamoja na wenye nasaba za Kiarabu, wote waliweza kuwa chama kimoja. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Watu walikuwa wangali wanakumbuka nani alikuwa wa nani. Sisemi lelemama iliondoa hilo, kwa sababu haikuliondoa. Lakini iliwapa wanawake hao jina moja la kupigania, na katika mji wenye kumbukumbu ndefu hilo si dogo.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliisafirisha beni mbali. Askari na wapagazi waliipeleka Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilienea hadi bara, na vizazi vyake vilifika Nyasaland na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako kalela ilichezwa. Ngoma iliyotokana na sherehe za jeshi la kigeni katika miji ya pwani ikawa namna ya vijana wa nusu ya Afrika Mashariki na Kati kujiunga mbali na makwao. Mchimba shaba aliyetoka kijijini akapata katika chama cha ngoma kile Mcheki alichopata katika Sokol.

Nyumbani upinzani dhidi ya ngoma hizi ulikuwa ukikua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, alikemea ubadhirifu na tabia ya kuiga wageni bila kufikiri. Maandishi yake yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, mwaka 1944. Hakukosea kuhusu gharama: familia zilikopa na kuweka rehani ili zisiaibike. Pamoja na heshima yote kwa sheikh, nadhani wale wanawake hawakuwa wakiiga. Walikuwa wakijifunza kuongoza, kuweka hazina na kusimama mbele za watu. Ushahidi ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, pale ushindani wa vyama vya lelemama ulipoingia katika vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na ustawi, na wanawake wa Mombasa, Shamsa Muhamad Muhashamy akiwa mstari wa mbele, wakaiandikia serikali wakidai haki ya kupiga kura.

Sinema, santuri na sauti ya Mvita (1928–1963)

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Tangu hapo uimbaji wa Kiswahili na sauti ya India zilikuwa zinasikika kwenye gramafoni moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia filamu za Kihindi zikaja kwa wingi, na Mombasa ikawa na sinema za Regal, Majestic na Naaz. Huu ulikuwa mlango ambao kuta za jamii hazikuweza kuuziba. Garba ya Navaratri ilichezwa ndani ya kumbi za wenyewe, lakini tiketi ya filamu ilinunuliwa na yeyote mwenye senti. Vijana wa Kuze na Kibokoni walitoka Jumapili wakiwa wamehifadhi wimbo mzima wa lugha wasiyoielewa.

Duka la Assanand & Sons la Mombasa lilianza kutoa santuri kwa chapa ya Mzuri, na kituo cha redio cha Sauti ya Mvita kikazipeleka nyumbani ambako mwanamke wa utawani hakuhitaji kutoka ili asikie. Mwenye duka alikuwa Mhindi, mshairi alikuwa Mmvita, mpiga tabla huenda alikuwa na nasaba ya Kibaluchi au Kihadhrami, hakuna aliyeuliza. Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942, aliupeleka mtindo huu wa taarabu mbali kuliko wote. Alichukua lahani za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kimvita, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, ambaye ni miongoni mwa malenga wakubwa wa karne iliyopita. Wapo waliomlaumu kwa kuazima lahani. Lakini sikiliza namna mizani ya shairi inavyolazimisha lahani ipungue pale, ivutwe hapa, ili vina vitue mahali pake. Mtunzi wa Bombay asingeutambua wimbo wake hadi ubeti wa pili.

Upande wa pili alikuwepo Zein l'Abdin wa Lamu, aliyehamia Mombasa na udi wake. Yeye aligeukia Arabuni na Lamu ya zamani badala ya Bombay. Maulidi Juma na Zuhura Swaleh waliongeza midundo ya Kimijikenda na ngoma za harusi za wanawake, wakisukumwa na tashkota, ala ya Kijapani yenye vibonyezo iliyofika pwani kupitia India. Katika harusi moja ya Mji wa Kale ya miaka hiyo ungeweza kuketi kwenye jamvi barabarani, turubai juu yako, na kusikia Kairo, Bombay, Hadhramaut na Rabai kabla ya alfajiri, watu wakiinuka kumtunza mwimbaji kwa noti pale fumbo lilipowagusa.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1949, ambapo serikali ya kikoloni ilimwajiri Joy Adamson achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Watu wengi wanamjua kwa simba wake Elsa. Wachache wanakumbuka kwamba alizaliwa mwaka 1910 Opava, mji ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki, na wakati huo ukiwa chini ya Austria. Ni kiungo cha karibu zaidi nikijuacho kati ya nchi ile na sanaa za watu wetu. Michoro yake ina thamani, na kazi aliifanya kwa bidii kubwa, watu wa pwani wakiwemo. Lakini dhana iliyokuwa nyuma ya mradi ilikuwa kwamba kila kabila lina vazi lake safi linalokaribia kutoweka, na mchoraji awahi kulihifadhi. Mombasa ingemkatalia dhana hiyo. Bibi arusi wa Kimvita aliyevaa hariri ya India, dhahabu iliyofuliwa na sonara Mhindu, udi wa Arabuni na leso ya Mkachi hakuwa ametoweka popote. Alikuwa katika vazi lake kamili.

Mlango wa kutokea (1963–1985)

Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar walikubaliana kwamba ukanda wa maili kumi wa pwani utakuwa sehemu ya Kenya, na Desemba 12 bendera ikapandishwa. Wahindi na Wagoa walipewa miaka 2 ya kuomba uraia. Wengi walisita. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizombana asiye raia, na Machi 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango kwa wenye pasipoti zake wasio na mizizi ya Kiingereza. Wiki chache kabla ya hapo watu waliuza vitu kwa bei ya kutupa na kukimbilia ndege.

Hasara ilikuwa ya wote, hata kama wakati ule haikuonekana hivyo. Klabu zilipungukiwa na wanachama, na baadhi zilibadilisha jina na kufungua milango wakati wapigaji violini walikuwa wameshafika London au Toronto. Huko walifanya kile walichokuwa wakikifanya hapa: chama cha Wagoa wa Uingereza kina tamasha lake la kila mwaka wakati wa kiangazi, na wengi wanaokutana pale ni watoto na wajukuu wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Dansi lao la Mombasa liko hai Uingereza. Mombasa yenyewe halina mtu.

Majahazi nayo yalipungua. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilikuwa zimeleta mabaharia wa Sur, Kuwait na Kachi hadi bandari ya zamani, wakakaa miezi wakingoja kusi, wakiimba na kucheza majahazini jioni. Utajiri wa mafuta katika Ghuba uliwapa kazi nyingine, na kufikia miaka ya 1980 msimu ule ulikuwa umebaki katika masimulizi ya wazee. Lelemama ilikuwa imefifia hata kabla ya hapo, ikimezwa na taarabu kwa upande mmoja na shule, kazi na mawaidha kwa upande mwingine.

Jukwaa (1990 hadi leo)

Ngome ya Yesu, iliyokuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960 kwa msaada wa Taasisi ya Gulbenkian ya Ureno. Ndani yake leo kuna Nyumba ya Waomani, na vitu vilivyopatikana katika manowari ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama mwaka 1697. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wareno na Waomani waliouana pale sasa wanaonyeshwa ukuta kwa ukuta.

Wakati huo huo sherehe zikahamia jukwaani. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu za Zein na za Maulidi Juma, na taarabu ya Mombasa ikawa na wasikilizaji wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Bayreuth, Ujerumani, kongamano la kila mwaka la Kiswahili limekuwa likiwakutanisha wataalamu na washairi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika majira ya joto ya 2014 Kenya ilikuwa mgeni wa tamasha la Smithsonian mjini Washington, na sanaa za pwani zilikuwa miongoni mwa zilizopelekwa. Mombasa kwenyewe, Mombasa Carnival ya Novemba ilipitisha magari yaliyopambwa na ngoma za jamii zote katika barabara ya Moi Avenue, chini ya sanamu kubwa za pembe za ndovu, watalii wakipiga picha.

Sina ugomvi na tamasha la aina hiyo. Linalipa wasanii, na mtoto wa Kisauni anapata kuona kayamba na garba siku moja. Lakini kila kundi hupita, hupigiwa makofi, na kwenda zake. Hakuna anayemjibu mwenzake kwa wimbo. Na tamasha lililojengwa juu ya utalii huyumba utalii ukiyumba: Mei 2014 Uingereza iliwatahadharisha raia wake wasije Mombasa, kampuni za safari zikawaondoa wageni, na hoteli zikafungwa. Harusi za Kibokoni hazikusimama hata wiki moja.

Kilichozisimamisha ni korona. Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga Mji wa Kale. Hapakuwa na kuingia wala kutoka, na Idi ile uwanja wa Makadara, ambapo watoto wa kila asili hujazana kwa bembea na peremende, ulikuwa mtupu.

Juma Bhalo alifariki Aprili 2014, na Zein akamfuata mwaka 2016. Vijana wanaokusanyika Swahilipot, kituo kilichofunguliwa mwaka 2016 katika barabara ya Sir Mbarak Hinawy, hatua chache kutoka ngomeni, wanafanya mashairi ya jukwaani, filamu na muziki wa kompyuta, na ndani yake mtu husikia lahani ya Bhalo imekatwa vipande na kuunganishwa upya. Sioni sababu ya kuhuzunika. Naye alifanya hivyo kwa Bombay.

Kinachonihuzunisha ni lelemama. Katika miaka ya 1970 watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwahoji Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakawaacha wasimulie maisha yao kwa maneno yao wenyewe. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Mchapishaji wa matoleo yote mawili alikuwa chuo kikuu cha Indiana, Marekani. Nakala za Kiswahili ni adimu mjini humu. Zichapwe tena hapa Mombasa, ziwekwe katika maktaba za shule za sekondari za kisiwani, na bibi yeyote ambaye mkono wake ungali unakumbuka namna ya kugeuka pamoja na mstari aitwe awafundishe wasichana mwaka huu.